Samli ya Mama na Pua ya Prosper

Mwigobero, Musoma
Jumapili, asubuhi mpaka jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena mara ya pili, maana najua ile ya kwanza hutaiitikia. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, mguu wa kushoto umepunguza kuuma, na yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika ameacha tabia yake ya kupiga ndoo teke. Mimi mwanao Onesmo mwili wangu ni mzima. Nakula, na suruali zinanibana. Mengine utayasoma hapa chini, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Utashangaa mtu kama mimi, mwenye simu mbili na laini tatu, kuandika barua kama mwanafunzi wa bweni. Kwanza, leo ni siku ya tisa hupokei simu zangu. Pili, hata ungepokea, wewe simu unaiwekaga sauti ya juu hapo uwanjani, majirani wote wanasikia mpaka kuku. Haya niliyonayo si ya kuku. Dada Marieta atakuletea kwa mkono wake Jumanne, na nimemwambia akae kimya mpaka umalize. Husomewi na mtu, najua. Ulijifunza kusoma ukubwani ukatupita sisi tuliozaliwa na shule mlangoni, na miwani niliyokununulia Kampala (tusisahau ni nani alinunua) inasoma hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Mama, nimesikia. Nimesikia kwamba tangu Bernado, kaka yake Prosper, akupigie simu na kukuita mchawi wa samli, umekitundika kibuyu cha kusukia maziwa juu kwenye dari la jiko, na maziwa yote unawaachia ndama. Nimesikia pia kwamba kanisani umehama benchi la mbele, siku hizi unakaa mlangoni na kutoka kabla ya matangazo. Barua hii naiandika kwa ajili ya kibuyu hicho na benchi hilo. Usiruke kurasa. Nikianza na mwisho hutanielewa, na mimi nikianza na mwisho sitakuwa na nguvu ya kuandika mengine.

Jambo lilianzia kwenye koo la mkweo. Prosper unamjua mchana, fundi mbao mpole, anayekusalimia macho yameinama mpaka unadhani ameangusha msumari. Hujawahi kumsikia amelala. Marieta aliniambia mwezi wa kwanza kwamba mumewe anakoroma mpaka wapangaji wenzao pale Manyamanyama, Bunda, wanagonga ukuta. Nikacheka, nikamwambia mimi nimelala kambi za kisiwa cha Rukuba na wavuvi wa dagaa arobaini, watu wanaolala mchana chini ya bati la moto, nimesikia makoromo ya kila kabila la ziwa hili, ya Prosper ni muziki wa kwaya. Marieta hakucheka. Akasema kukoroma si tatizo, tatizo ni anaponyamaza. Anakoroma, halafu kimya, kifua hakipandi, na yeye anahesabu. Siku nyingine anafika ishirini na tano. Halafu Prosper anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, na koromo linaanza upya. Asubuhi kichwa kinamuuma. Kiwandani alisinzia mbele ya mashine ya kuranda, ikabakia kidogo aiachie vidole viwili.

Sasa Mama, mtu mwenye akili angesema nini? Angesema nendeni hospitali. Lakini mimi ni Onesmo, niliyefika Kisumu, Kampala, na Dar mara mbili. Nikamwambia dada yangu asihangaike, dawa ninayo mfukoni. Mfukoni kulikuwa na simu. Humo kuna bwana mmoja mwenye koti jeupe, anaongea Kiswahili cha pwani kilichonyooka, anafundisha dawa za nyumbani za kulala vizuri. Nilimwamini kwa sababu ya koti. Nimekuja kukumbuka baadaye kwamba hata muuza nyama wa hapa sokoni anavaa koti jeupe.

Tukaanza na plasta. Bwana yule alisema mtu akifungwa mdomo kwa plasta, atalazimika kuhema kwa pua, na koromo litakufa lenyewe. Nikamfunga Prosper kwa mikono yangu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, nikakaa kwenye stuli kushuhudia ushindi. Hazikupita dakika kumi akaruka kitandani macho yamemtoka, akang'oa plasta pamoja na nusu ya masharubu. Marieta alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Nikasema kosa si la plasta, kosa ni pua kuziba, basi tutaifungua pua.

Hapo ndipo samli yako ikaingia.

Lile kopo la kilo mbili ulilompa Marieta mwaka mpya lilikuwa kabatini. Ulimpa wale na ugali, na yeye apake miguu wakati wa kiangazi. Bwana wa koti jeupe alisema samli safi ya ng'ombe, ikipashwa moto kidogo, matone matatu kila tundu la pua mtu akiwa amelala chali, inalainisha njia ya hewa. Mama, niliposikia neno samli moyo wangu ulipaa. Nikajiambia kumbe dawa ya dunia nzima iko kwetu Butiama. Nikaosha kichupa cha dawa ya macho, nikakijaza, nikampelekea Prosper kama mtu aliyeleta mahari.

Prosper alikataa. Hili ulikumbuke, tutarudi kwake. Alisema kwa upole wake ule kwamba samli ya kwa wakwe yeye anaila, na pua Mungu aliiweka kwa kunusia. Nilibishana naye mchana mzima mbele ya mafundi wake. Wakanicheka, wakaniuliza na masikio nayatia nini, mchuzi? Lakini jioni Marieta akanipigia kwamba Prosper amekubali, na matone yameingia.

Miezi mitatu, Mama. Kila siku, matone sita, hakuruka. Koromo lilipungua kwa wiki mbili hivi, au sisi tulitaka lipungue. Mimi nilitamba. Rukuba nikienda kununua dagaa nilikuwa nawatia wavuvi samli puani mmoja mmoja wamejipanga, wakanipa jina la Daktari Pua, nami nikaitika. Halafu baada ya Pasaka Prosper akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisha homa, kisha akawa anapanda ngazi tatu za baraza anakaa chini. Bunda walimtibu kichomi, sindano siku saba. Hakupona. Wakamwandikia barua ya kuja hapa Musoma, na kwa kuwa mimi ndiye ndugu wa karibu, Marieta ana mtoto mdogo, nikawa mimi ndiye wa kumlinda wodini.

Alikuwa anahema kama mtu anayenyonya hewa kwa mrija. Walimwekea mpira wa oksijeni puani. Picha ya kifua ilionyesha weupe chini, pande zote mbili. Wakapima makohozi kifua kikuu mara mbili, hakuna. Dawa zikabadilishwa mara mbili, homa iko palepale. Na mimi, Mama, mimi mjanja wa mji, jioni nilikuwa nautoa ule mpira kidogo, natia matone matatu huku na matatu kule, naurudisha. Siku tano nilifanya hivyo mle wodini. Nilidhani nawasaidia madaktari.

Siku ya sita akaja daktari mwingine, anaitwa Samia, binti mdogo, ukimwona utamtuma chumvi. Aliishika ile picha dirishani muda mrefu. Halafu akaja kitandani akauliza kama mgonjwa anafanyaga kazi ya kuvuta petroli kwa mdomo, au kunywa mafuta ya taa, au kama kuna mafuta yoyote anayotia puani au mdomoni wakati wa kulala. Mafuta yoyote, akarudia, hata ya kula, hata samli.

Prosper aliniangalia. Hakuwa na pumzi ya kuongea, lakini macho yalikuwa nayo, na yalisema wewe ndiye ujibu. Daktari akageukia kwangu. Na mimi nikamwambia hapana, Daktari, huyu bwana ni mlokole wa kupindukia, mafuta pekee anayoyajua ni ya upako. Wauguzi walicheka. Hata Daktari alitabasamu. Prosper akageuza uso ukutani.

Kicheko hicho bado nakisikia nikinywa chai.

Tangu siku ile sikumtia tena tone, nakuapia, ila kichupa niliogopa hata kukitoa, nikakiacha chini ya mto wake, na mdomo nikaufunga siku nne. Siku nne madaktari walihangaika kutafuta kitu ambacho mimi nilikuwa nakijua. Nilijiambia nikisema watanifunga. Nikajiambia pengine ni kitu kingine. Nikanunua machungwa, juisi, soksi mpya, nikamkanda miguu, nikawachekesha wagonjwa wa wodi nzima mpaka muuguzi akaniita redio. Na Prosper kila akiamka ananiangalia, hasemi.

Siku ya nne Daktari Samia akasema hawawezi kungoja, atapelekwa Mwanza wakamchome sindano mpaka ndani ya pafu, watoe kipande wakapime. Akasema wazi kwamba kwa pumzi aliyonayo, safari yenyewe ni hatari na sindano yenyewe ni hatari. Gari la wagonjwa likasogezwa. Saa hiyohiyo Bernado akafika kutoka Bunda na Probox ya kukodi, pamoja na Marieta na wanaume wawili wa ukoo, akasema mdogo wake hatobolewi mapafu na mtu, anampeleka kwa mtaalamu anayeujua ugonjwa huu kwa jina. Gari moja mlango wa mbele, gari moja mlango wa nyuma, na mgonjwa katikati kucha zimeanza kuwa za bluu.

Walipomwinua kumbadilishia shuka, kichupa kikaanguka.

Bernado alikiokota, akakinusa. Akauliza hii si samli? Akauliza ya wapi, Marieta akajibu ya nyumbani. Mama, umemsikia Bernado kwenye simu, huna haja nikueleze sauti yake. Alisema sasa ameelewa kwa nini ndugu yake anakauka kama kuni wakati wakwe zake wananenepa. Na palepale, mbele ya wodi nzima, akakupigia. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilisikia ukiitikia kwa furaha, ukidhani ni salamu, ukimuuliza habari za mgonjwa. Nikasikia aliyokuambia. Halafu nikasikia ng'ombe wanalia nyuma yako, na simu ikakatika.

Ndipo nikasema. Nilimshika Daktari mkono wa koti, nikamwambia ni samli, matone sita kwa siku, miezi mitatu, hata humu ndani, nimemtia mimi. Sikulia siku tuliyomzika Baba, lakini pale nililia kama mtoto aliyepotea mnadani. Daktari hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema samli haina njia ya kutoka mapafuni kama maji. Mtu akilala chali inateleza taratibu, hata kikohozi hakishtuki, inakaa kule chini na mapafu yanavimba kupigana nayo. Akasema kwenye sufuria ni chakula, kwenye pafu ni kitu kingine kabisa. Gari la Mwanza likarudishwa. Walikuja kumwingizia maji mapafuni kwa mpira mwembamba, wakayavuta, yakatoka meupe kama maziwa, juu yameelea mafuta. Akabadilishiwa dawa. Sasa nakuambia lile ulilotaka kujua tangu mstari wa kwanza: Prosper anahema. Jana alitembea mpaka bafuni bila mpira. Daktari anasema mapafu yatachukua miezi, lakini yanasafika.

Na plasta niliulizia pia, maana nilishaanza kuungama nikaona nimalizie. Akasema mtu ambaye pumzi inakatika usingizini, ukimfunga mdomo na pua imeziba, umebakiza kumwekea mto usoni. Akasema kule kunyamaza alikokuwa anahesabu Marieta ni ugonjwa wenye jina na una vipimo, akipona hiki atapelekwa Mwanza kwa ajili hiyo. Kwa sasa alale ubavu, kichwa kimeinuliwa. Marieta amemshonea mpira wa soksi mgongoni mwa fulana ili asilale chali. Daktari aliuona akacheka, akasema hiyo haimdhuru mtu.

Rukuba nimekwenda pia, Alhamisi, kwa boti ya kwanza. Nilisimama kwenye vichanja vya dagaa nikawaambia Daktari Pua amefukuzwa kazi, wamwage vichupa vyote. Walinizomea vizuri. Mmoja wao, anaitwa Kwangu, alikuwa na kikohozi cha wiki tatu, nimerudi naye kwenye boti na sasa yuko kitanda cha nne kutoka kwa Prosper. Anasema akipona atanizamisha. Chakula chake nampelekea mimi.

Mama, ungeweza kudhani nimemaliza kuungama. Ningependa iwe hivyo. Nimezunguka karatasi sita kulikwepa hili.

Nilikuambia Prosper alikataa samli mchana, na jioni akakubali. Hujajiuliza nini kilimbadilisha? Ni mimi. Nilipoona mafundi wananicheka, nikamvuta pembeni nyuma ya magogo, nikamwambia kwamba si mimi niliyesema. Nikamwambia, "Mama amesema." Nikamwambia umenipigia kutoka Butiama, umesikia habari ya koromo lake, na umeagiza atiwe samli ya mkono wako, kila siku bila kuruka, na kwamba ukisikia amekataa utajua anaidharau nyumba yako. Ulikuwa hujui lolote, Mama. Hukujua hata kama anakoroma. Nililitumia neno lako kama mtu anavyoazima shoka la jirani bila kuomba.

Unajua Prosper anavyokuheshimu. Hajawahi kula ukimwangalia. Angekataaje agizo la mkwe? Na Daktari alipomuuliza, angesemaje mbele ya watu baki kwamba samli ya mama mkwe inamuua? Alingoja mimi niseme, kwa kuwa mimi ni mwanao ninaweza. Kumbe alikuwa anakulinda wewe kwa pumzi yake ya mwisho, na mimi nilikuwa najilinda mimi.

Na siku ile ya magari mawili, nilipokwisha kusema habari ya matone, Bernado aliuliza ni nani aliyeagiza. Prosper akavuta hewa, akasema neno moja, Mama. Watu wote walisikia. Mimi nilikuwa hapo, Mama, na machozi yangu na uungwana wangu, nikanyamaza mara ya pili. Ndiyo maana jina lako limezunguka kutoka Musoma mpaka Bunda mpaka Butiama siku tisa hizi. Si Bernado aliyelizungusha. Yeye alipewa.

Leo mchana baada ya ibada niliwaita. Nilisimama katikati ya kitanda cha Prosper na cha jirani yake, Marieta yupo na mtoto mgongoni, Bernado yupo, nikaisoma barua hii kwa sauti kuanzia shikamoo mpaka hapo juu. Nilipofika penye Mama amesema, Marieta alitoka nje. Alirudi baadaye, lakini hajanisemesha, na sahani yangu ya chakula ameiweka chini sakafuni. Prosper alicheka, halafu kicheko kikawa kikohozi, na muuguzi akatufukuza. Sijui bado ni kicheko cha aina gani. Bernado nilimpa kalamu aandike msamaha wake, akakataa. Anasema maneno aliyoyasema kwa mdomo atayafuta kwa mdomo, atakuja mwenyewe Jumamosi, na atayasemea palepale uwanjani majirani wakiwepo. Mwache aseme kwa sauti ya juu. Hayo waruhusu hata kuku wasikie.

Nitakuja naye. Sikuombi unikaribishe ndani. Nitakaa zizini mpaka utakaponiita, na usiponiita nitakamua, nitarudi. Jumapili nitakwenda kanisani kwenu, na kwenye matangazo nitaomba dakika moja, niseme ni nani aliyesema uongo. Nakuomba siku hiyo ukae benchi lako la mbele, ili nikuone ninapoongea.

Nisalimie jirani zako wote, nisalimie na mwekundu. Mguu uukande kwa maji ya chumvi, na ukitaka dawa nyingine, usiniulize mimi.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Onesmo

Shikamoo Mama. Ni mimi Prosper, naandika nikiwa nimekaa. Nilidhani ni neno lako, ndiyo sababu sikukataa na sikusema. Ulipotuma samli ulituma chakula. Marieta alileta kopo hapa wodini tukamalizia na ugali, kwa mdomo. Limeisha. Tunaomba jingine.